Somo la Mpira: Ulinzi Husamehe, Pasi Haisamehi

Kila atazamaye mpira wa shule katika pwani hii yetu, tangu Kismayu kushuka visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula mpaka Ras Kiamboni, aijua timu ya namna moja. Ni timu ngumu. Mabeki wake hawaogopi mguu wala kichwa, golikipa wake hujirusha mchangani kama anayejirusha kitandani, na wageni wakija huondoka wamechoka. Lakini mchezo ukiisha, hesabu ni sifuri kwa sifuri, au wamefungwa bao moja, nalo limeingia dakika za mwisho. Watazamaji husema, "Wamecheza vizuri, bahati tu hawana." Juma la pili husema vivyo hivyo, na juma la tatu pia.

Somo letu ni juu ya timu hiyo. Twataka kujua sababu ya timu kuwa na ulinzi mwema na huku pasi zake zikawa dhaifu, hali wachezaji ni wale wale, miguu ni ile ile, na mwalimu ni yule yule. Neno "bahati" tuliweke kando kwanza. Tutaanza na hesabu, kisha tutatazama mechi zilizochezwa kweli, na mwisho tutasema yapasayo kufanywa uwanjani.

I. HESABU YA UKUTA NA HESABU YA PASI

Tuseme timu yako ina walinzi watatu waliojipanga mmoja nyuma ya mwenziwe, na kila mmoja ni mchezaji wa kadiri tu: katika kila mara mbili akutanapo na fowadi, humzuia mara moja na mara moja hupitwa. Huyo si beki wa kusifiwa. Sasa wageni washambulie mara 8. Mlinzi wa kwanza atazuia 4, zitapita 4. Wa pili atazuia 2, zitapita 2. Wa tatu atazuia 1, na itapita 1 tu. Basi katika mashambulizi 8 ni moja peke yake lililomfikia golikipa, na golikipa naye ana mikono yake. Wachezaji wa kadiri wametujengea ukuta mwema.

Sasa geuza ukurasa. Tuseme ili mpira utoke kwa golikipa mpaka ufike mbele ya goli la wageni zatakiwa pasi tano, na kila mchezaji wako hufikisha pasi 7 katika 10. Huyu ni hodari kuliko yule mlinzi wetu, maana yule hufaulu mara 5 katika 10. Anza safari 100. Baada ya pasi ya kwanza zitabaki 70. Baada ya pili, 49. Baada ya tatu, kama 34. Baada ya nne, 24. Baada ya tano, 17. Katika safari 100, safari 83 zimekatika njiani! Wachezaji walio bora kuliko walinzi wetu wametupa mashambulizi maskini.

Siri ni nini? Katika ulinzi, kosa la mmoja huzibwa na mwenziwe. Beki wa kulia akipitwa, senta-hafu yupo. Senta-hafu akipitwa, golikipa yupo. Yatosha mmoja wao afaulu. Lakini katika pasi lazima wote wafaulu, mmoja baada ya mwingine, na kosa la mmoja laharibu kazi ya wanne. Kwa hiyo twasema ulinzi husamehe, pasi haisamehi.

Hesabu hii hii yatupa pia tumaini. Kama kila mchezaji atajifunza kidogo tu, afikishe pasi 9 katika 10 badala ya 7, safari zitakazofika si 17 tena. Zidisha mwenyewe: 90, 81, 73, 66, 59. Maendeleo ya mara mbili katika kumi kwa kila mtu yameongeza mashambulizi zaidi ya mara tatu. Hapana mchezaji mpya aliyesajiliwa, wala viatu vipya havikununuliwa.

II. UKUTA WAFIKISHA MLANGONI

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya ubaoni tu. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, yaani mashindano ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Majirani zetu Kenya walikuwa katika kundi gumu. Waliwafunga Kongo ya Kinshasa 1-0, wakatoka 1-1 na Angola, wakawafunga Morocco 1-0, na Zambia 1-0. Mchezo wa Morocco hasa ni wa kukumbukwa, maana Kenya walipungukiwa na mtu mmoja kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wakasimama wakiwa kumi mpaka filimbi ya mwisho. Ule ni ukuta. Wakawa wa kwanza katika kundi lao.

Kisha ikaja robo fainali, tarehe 22 Agosti, na Madagascar. Kenya wakapata bao lao moja kama desturi, lakini safari hii Madagascar nao wakapata moja. Mikwaju ya penalti ikaamua, na Kenya wakatolewa. Katika mechi tano walifungwa mabao 2 tu, nao walifunga 5, yaani bao moja kila mechi.

Siku hiyo hiyo, mjini Dar es Salaam, Tanzania walicheza na Morocco. Tanzania walikuwa wamewafunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 na Madagascar 2-1, wakatoka bila kufungana na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Morocco wakapata bao moja, Tanzania hawakupata, na safari ikaisha. Jumlisha: mechi tano, wamefungwa 2, wamefunga 5. Hesabu ni ile ile ya Kenya.

Waliochukua kombe ni nani? Morocco, waliowafunga Madagascar 3-2 katika fainali mjini Nairobi. Tazama ajabu hii: Morocco walikuwa wamefungwa na Kenya, na Madagascar walikuwa wamefungwa na Tanzania, lakini hao wawili ndio waliofika mwisho. Tena mabingwa hao walifungwa mabao 6 katika mechi saba. Ukuta wao ulipenywa kuliko wa Kenya na wa Tanzania. Lakini wao walifunga 13. Walipofungwa moja waliweza kwenda kutafuta la pili.

Hatusemi kwamba Kenya na Tanzania walicheza vibaya. Walicheza kwa heshima kubwa. Twasema tu kwamba ukuta waweza kukufikisha mlangoni, lakini ukuta hauna mkono wa kufungua mlango.

III. UKUTA NAO HUCHOKA

Sasa tuje nyumbani. Mwezi wa Novemba 2011 timu ya taifa ya Somalia ilicheza na Ethiopia kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Mechi ya nyumbani haikuchezwa nyumbani, kwa sababu ya vita, ilichezwa Djibouti. Somalia walilinda kwa dakika 90, wakatoka sifuri kwa sifuri. Siku chache baadaye, mjini Addis Ababa, walifungwa 5-0.

Miaka ikapita. Tarehe 5 Septemba 2019, tena huko Djibouti, Somalia walikutana na Zimbabwe. Anwar Sidali Shakunda akafunga bao moja, na mlango wa nyuma ukabaki umefungwa. Ndiyo mara ya kwanza kabisa kwa Somalia kushinda mechi ya kutafuta Kombe la Dunia, na watu wetu walisherehekea kila walipokuwapo, tangu Mogadishu mpaka ng'ambo. Siku tano baadaye wakarudiana mjini Harare. Kwa zaidi ya dakika 70 Zimbabwe hawakuona goli. Wakapata la kwanza. Somalia wakasawazisha, ikawa kwa jumla ya mechi mbili Somalia wanaongoza 2-1, na zimebaki dakika chache tu. Lakini katika dakika hizo chache Zimbabwe wakafunga mara mbili, la mwisho likiingia katika muda wa nyongeza. Ikawa 3-1, na Somalia wakatolewa.

Kwa nini mambo kama haya huwapata wanaolinda? Kila aliyewahi kucheza beki ajua jibu mwilini mwake. Ukiubutua mpira mbele bila kutazama, mwenzako hana la kufanya nao. Wageni wanauokota, na baada ya muda mfupi wamerudi. Unabutua tena, wanarudi tena. Fowadi wa wageni hukimbia apendapo, lakini wewe hukimbia apendapo yeye. Hiyo ndiyo kazi ichoshayo kuliko zote. Katika dakika ya 20 unamfikia. Katika dakika ya 88 unachelewa hatua moja, na hatua moja yatosha.

Rudi katika hesabu yetu. Ukuta wetu wa watatu ulipitisha shambulio moja katika 8. Wageni wakishambulia mara 8 yafika moja. Wakishambulia mara 40 yafika matano. Ukuta ni ule ule, haukuharibika; ni mashambulizi yaliyozidi. Basi timu isiyoweza kukaa na mpira inauonea ukuta wake wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mpira ufa mara nyingi hauko nyuma. Uko katikati ya uwanja, pale pasi ya tatu inapokatika.

IV. PASI NI MAZOEA YA WATU WALIOKAA PAMOJA

Sasa twauliza: kwa nini pasi ya tatu hukatika? Wengi hudhani ni kwa sababu mpigaji hana ufundi. Mara nyingine ni kweli. Lakini sababu kubwa ni kwamba mpigaji hajui mwenzake atakwenda wapi, na mwenzake hajui mpira utakuja lini. Ushujaa wa kulinda waweza kuwa nao peke yako. Pasi huwezi kuwa nayo peke yako.

Historia ya mchezo huu yathibitisha. Tarehe 30 Novemba 1872, mjini Glasgow, Scotland na Uingereza zilicheza mechi ya kwanza ya mataifa. Siku zile wachezaji walikuwa na desturi ya kukimbia na mpira kwa chenga mpaka waupoteze. Waingereza walikuwa wakubwa wa mwili, nao walitoka katika klabu mbalimbali. Waskoti walikuwa wepesi, lakini wote kumi na mmoja walitoka katika klabu moja, Queen's Park. Walijua kwamba wakigongana kifua wataumia. Kwa hiyo wakapeana mpira. Mechi ikaisha 0-0, na wale waliotazamiwa kushindwa hawakushindwa. Pasi ilikuwa silaha ya wadogo waliojuana.

Miaka 81 baadaye, tarehe 25 Novemba 1953, Wahungaria walikwenda Wembley, London, wakawafunga Waingereza 6-3 nyumbani kwao. Dunia ilistaajabu. Lakini wengi katika timu ile walikuwa wa klabu moja, Honvéd, na wawili wakubwa wao, Puskás na Bozsik, walikuwa majirani tangu utotoni, wakicheza mpira wa mtaani pamoja. Bozsik hakuwa na haja ya kumtafuta Puskás kwa macho. Alimjua.

Sasa tazama hali yetu. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, vita vilivuruga kila kitu, na mpira pamoja navyo. Wabajuni wengi waliacha visiwa na kukimbilia Kenya, na wengine wakafika mbali zaidi. Kismayu ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab tangu 2008 mpaka mwisho wa Septemba 2012, na mwaka 2010 watu wa sehemu zilizotawaliwa na kundi hilo walikatazwa hata kutazama Kombe la Dunia. Kijana aliyekuwa na miaka kumi wakati ule alikosa miaka ile ile ambayo Puskás na Bozsik walikuwa wakicheza mtaani. Timu ya taifa nayo ilikusanya wachezaji kutoka nchi mbalimbali, wakakutana kwa siku chache, wakacheza "nyumbani" katika nchi ya watu. Watu wa namna hiyo wana moyo, na moyo hujenga ukuta. Lakini nani aweza kujifunza mwendo wa mwenzake kwa siku chache?

Wavuvi wetu wa kale wanalijua jambo hili. Uzio husimama mahali pamoja. Maji yakipwa, samaki hubaki ndani. Huo ni ulinzi, na si kazi ya kudharauliwa, maana umelisha watu wengi. Lakini kasa haji katika uzio kwa kupenda kwako. Wazee wa Kibajuni walimfuata kwa chazo, samaki yule mwenye kinata kichwani. Humfunga kamba mkiani, humwachilia karibu na kasa, naye huenda akanata juu ya gamba. Hapo aliyeshika kamba hujua kiasi cha kuvuta na kiasi cha kulegeza, na mwenye kushika chombo hujua upande wa kugeuza bila kuambiwa. Mmoja akikosea, kasa amekwenda. Mabaharia wa chombo kimoja hujifunza hayo kwa kuvua pamoja misimu mingi. Hakuna aliyejifunza kwa kusimuliwa.

V. MAMBO SITA YA KUSHIKA

Yafuatayo kila mchezaji ayajue kwa moyo.

1. Tazama kabla mpira haujafika. Mchezaji anayeanza kutazama baada ya kuupokea amekwisha chelewa. Geuza shingo kulia na kushoto mpira ungali njiani, ujue mapema nani yuko wazi.

2. Piga kwa ndani ya mguu, mpira utambae. Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, vidole vyake vikielekea kwa mwenzako. Pwani yetu ina upepo. Kusi ikivuma, mpira wa juu haujui bwana wake. Mpira wa chini haujali upepo sana.

3. Pasi iwe na kiasi. Ikiwa dhaifu, adui ataipata njiani. Ikiwa kali, mwenzako atapata tabu kuituliza na adui atakuwa amefika. Mwenzako aliyesimama mpe mguuni. Mwenzako anayekimbia mpe mbele yake, mahali atakapokuwapo, si mahali alipo.

4. Ukishatoa pasi, usisimame kuitazama. Hili ndilo kosa kubwa la timu za shule. Aliyetoa pasi sasa ni mtu huru, hana mzigo. Na aende mahali papya ili arudishiwe. Asiposogea, mwenye mpira amebaki na njia moja pungufu.

5. Mwenye mpira awe na wenzake wawili wa kupewa siku zote, mmoja upande huu na mmoja upande huu, wakifanya pembetatu. Pembetatu ya darasani ndiyo hiyo hiyo ya uwanjani. Watu watatu wakiwa katika mstari mmoja ulionyooka, adui mmoja awaziba wote.

6. Mashambulizi huanza kwa golikipa. Wazee wetu waliocheza zamani wakumbuke kwamba sheria zimebadilika. Tangu 1992 golikipa hawezi kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, na tangu 2019 mpira wa goli-kiki waweza kupokelewa ndani ya eneo la penalti. Kwa hiyo golikipa asiyejua kutumia miguu ni mchezaji nusu, na beki ajuaye kubutua tu amejifunza nusu ya kazi yake.

Hapa neno moja la kuwatuliza mabeki. Hatusemi kwamba beki asibutue kamwe. Fowadi watatu wamekuzunguka mbele ya goli lako, piga mpira uende baharini, hapana mtu atakayekulaumu. Twalaumu kubutua kwa mazoea, pale ambapo hapana adui karibu na hafu wako amesimama wazi akikuita jina.

VI. MAZOEZI YA MPIRA MMOJA

Shule nyingi hazina mipira mingi. Haidhuru. Mazoezi haya yataka mpira mmoja, vifuu vichache vya nazi vya kuwekea alama, na mahali pagumu. Ufuoni wakati wa kupwa, hasa siku za bamvua, mchanga ulioachwa na maji ni mpana na mgumu, na mpira hutambaa vizuri juu yake.

Zoezi la kwanza: duara. Watu watano wasimame duara, wawili waingie kati. Walio nje wapeane mpira, walio ndani wautafute. Anayepoteza huingia kati. Mwanzo kila mtu aruhusiwe kuugusa mara mbili. Baada ya juma mbili, mara moja tu.

Zoezi la pili: mchezo wa pasi tano. Gawanyeni timu mbili katika nusu ya uwanja, bila goli. Pasi tano mfululizo bila kukatwa ni bao moja. Mtaona siku ya kwanza mabao ni haba. Msivunjike moyo, mmeisoma hesabu yake.

Zoezi la tatu: kutoka nyuma. Golikipa aanze na mpira, mabeki wanne na mahafu wawili mbele yake. Mafowadi wanne wawasumbue. Wenye kulinda washinde wakiuvusha mpira mstari wa katikati kwa pasi. Wakibutua, imehesabiwa wameshindwa. Hili ndilo zoezi la mabeki wetu hodari. Wataliona chungu mwanzoni, kwa sababu wamezoea kusifiwa kwa mateke marefu.

Jambo la nne si zoezi la miguu. Siku ya mechi, mwanafunzi mmoja asiyecheza akae na karatasi na kalamu. Aandike jina la kila mchezaji, na kila pasi aweke alama: imefika au imekatika. Jioni timu yote isome karatasi hiyo pamoja, bila kuchekana. Mwenye 6 katika 10 leo, baada ya mwezi awe na 7. Yule mwandishi naye ni mchezaji wa timu, na kazi yake yaweza kuleta mabao kuliko ya fowadi.

VII. NENO LA MWISHO

Wanafunzi wa zamani, ninyi mlioko Mombasa, Kismayu, Ulaya na kwingineko, mara nyingi mwauliza shule yaweza kusaidiwa nini. Mpira na viatu ni zawadi njema. Lakini zawadi iliyo kubwa zaidi ni kuwasaidia vijana wakae pamoja: karo ya yule anayetaka kuacha shule kidato cha pili ni pasi inayokatika au inayofika. Timu inayobadilika kila mwaka italinda, maana kulinda kwaweza kujengwa kwa moyo. Haitajua kupeana mpira.

Na ninyi mnaocheza sasa, mnayo neema waliyoikosa kaka zenu. Uwanja upo, mpira haukatazwi, na mwenzako wa leo huenda akawa mwenzako miaka minne. Msiuache ukuta wenu. Mmeujenga kwa jasho na ni mali. Lakini baada ya kuuzuia mpira, inueni vichwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuna mtu amesimama wazi.

MASWALI

1. Ikiwa kila mchezaji hufikisha pasi 8 katika 10, ni safari ngapi katika 100 zitakazofaulu baada ya pasi tano?

2. Katika mfano wa walinzi watatu, tuseme mlinzi wa nne anaongezwa, naye ni wa kadiri ile ile. Wageni wakishambulia mara 16, ni mashambulizi mangapi yatakayomfikia golikipa? Kwa nini basi timu isiweke walinzi kumi?

3. Eleza kwa maneno yako maana ya kusema kwamba timu isiyokaa na mpira "inauonea ukuta wake".

4. Waskoti wa 1872 na Wahungaria wa 1953 walifanana kwa jambo gani?

5. Chora uwanja. Weka beki wa kulia mwenye mpira na wenzake wawili katika pembetatu. Onyesha kwa mshale mahali beki atakapokwenda baada ya kutoa pasi.